Aliyefika Mwisho wa Albamu

Mama aliingia chumbani kwa binti yake kuchukua nguo chafu, akakuta hedifoni zinaimba. Hilo halikumshangaza, watoto wa siku hizi huacha kila kitu kikiwaka. Kilichomshangaza ni kwamba zilining'inia juu ya kiti bila kushikwa na kitu, zimetanuka kiasi cha kutosha kichwa cha mtu mzima. Wimbo ulipokwisha zikaanguka. Akazizima, akaokota soksi, akajiambia ni uchovu.

Binti alikuwa kazini, duka la rangi. Bendi yake ya watu wanne ilikuwa imetoa albamu mpya: nyimbo kumi za magitaa yanayokwaruza, naye akipiga mayowe mpaka mishipa ya shingo imtoke. Miaka miwili ya kazi. Wachache walioijua bendi waliisifu, lakini wote wangeenea kwenye lifti moja pamoja na mizigo yao.

“Mmepata wasikilizaji wangapi?” mama aliuliza jioni, akimenya viazi.

“Walioanza, kumi na tisa. Waliofika mwisho, hakuna. Hata mpiga ngoma wetu hajafika. Eti anaijua.” Binti alikohoa. Sauti ilikuwa imemkauka.

“Kunywa maji ya moto. Mayowe hayo yatakutoa roho.”

Kesho yake, saa kumi kamili, hedifoni ziliimba nyimbo mbili. Keshokutwa, tatu. Kila siku wimbo mmoja zaidi, na kila siku sauti ya binti ikapungua, hata siku ya tisa akawa anasema kwa pumzi tu. Siku ya kumi mama alimzuia asiende kazini, akamwita wifi yake, fundi cherehani aliyejua pia kutibu wenye mashetani.

Wifi alinusa kiti, akarudi nyuma.

“Kuna mtu anakaa hapa,” alinong'ona. “Mwanangu, ulimwita?”

“Hapana, shangazi,” binti alisema kwa pumzi. “Ila mwisho wa wimbo wa kumi kuna maneno yangu. Bendi hushukuru watu wao pale. Mimi sikuwa na wa kumshukuru, nikasema: uliyefika hapa, sauti hii ni yako.”

“Toba! Unagawa sauti kama pipi?”

“Nilijua hafiki mtu.”

“Aifute basi,” mama akasema.

“Ahadi haifutiki,” wifi alijibu. “Atakayetangulia kufika mwisho ndiye mwenye sauti. Akiwa mtu wa damu ya binti, atamrudishia. Vaa hedifoni, wifi, ukae. Usivue, usinyanyuke mpaka wa kumi uishe.”

“Kwa nini si wewe?”

“Mimi nina sikio moja zima. Atasema nimesikia nusu.”

Ilikuwa saa tisa na robo, na yule huanza saa kumi. Mama alivaa hedifoni, akakaa. Miaka miwili alikuwa akigonga ukuta wa chumba hiki apunguziwe kelele, na hakuwahi kusikiliza hata wimbo mmoja. Wa kwanza ulimuumiza meno. Wa tatu ulimfanya amtazame binti yake, aliyekaa sakafuni ameinamisha kichwa, maana chini ya mayowe yale kulikuwa na mtu anayesema amechoka kula peke yake. Wa sita, hewa ya pembeni ikapoa, na pumzi isiyo yake ikaanza kwenda sambamba na ngoma. Kwenye wa tisa pumzi ile ilikuwa imesogea mpaka shingoni, ikivuta pale binti alipovuta na kushusha pale aliposhusha, na mama akafumba macho na kushika kiti kwa mikono yote miwili, akihesabu mapigo, akijiambia bado kidogo, bado kidogo tu, na wa kumi ukaanza, ukafika katikati, ndipo akanusa maharage yanaungua.

Miguu haikumwuliza. Miaka ishirini na mbili ya kukimbilia jikoni ilimnyanyua na kumvua hedifoni kabla hajakumbuka, na wifi alipopiga kelele alikuwa ameshafika mlangoni.

Jiko lilikuwa baridi. Hakuwa amepika kitu.

Aliporudi, wifi alikuwa amejibanza kwenye kabati, mikono kichwani. Binti alisimama ukutani, mdomo wazi kabisa, machozi yakimshuka, na hakuna mlio uliotoka. Hedifoni zilielea juu ya kiti, zimetanuka. Zikavuliwa taratibu, zikalazwa mezani.

“Asante kwa kunipisha, mama,” ikasema sauti ya binti yake kutoka kwenye kiti. “Wimbo wa mwisho ni mzuri sana. Ungekaa.”