Jibu Refu

Bi Nana, jirani wa mlango wa pili, alikuwa na yake ya kusimulia. Kila aliyekuja kumjulia hali Harith alisimamishwa kwanza barazani kwa Bi Nana, akaelezwa. Alisema siku ile Harith alikuwa akifanya mzaha kazini, chupa ya dawa ya gundi mkono huu na simu mkono ule, anacheka na wenzake, ndipo dawa ikamrukia jichoni. Alisema mtu huyo alisomeshwa akasomeka, na cheti chake kimebandikwa ukutani karakanani kila mtu akione, ila mafunzo yenyewe aliyatupa nyuma ya mgongo.

"Ito limekwenda," alimalizia Bi Nana kila mara, akiligusa jicho lake mwenyewe la kulia, "na ito halina duka."

Bi Nana hakuwapo karakanani siku ile. Rumaisa alikuwapo.

Rumaisa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Saba hapo kijijini Matondoni. Harith alikuwa ami yake, mdogo wa marehemu babake, na ndiye aliyemlea. Kila adhuhuri Rumaisa alitoka shule, akachukua chakula nyumbani, akampelekea ami yake pwani kwenye karakana ya Bwana Abdulwahid. Wafanyakazi tisa walitengeneza mashua hapo. Zamani kazi ilikuwa ya mbao tupu, na Harith alijulikana kwa jambo moja. Aliuinua ubao hadi usoni, akafumba jicho la kushoto, akautazama kwa la kulia toka ncha hadi ncha. Akisema umepinda, basi umepinda, hata kama kwa unene wa unywele.

Siku hizi mashua za mbao zilivikwa faiba. Mafundi walitandaza vitambaa vyake juu ya ubao, wakavipaka gundi nzito. Gundi hiyo haikauki mpaka ichanganywe na dawa ya kukaushia, matone machache tu kutoka kwenye chupa ndogo nyeupe. Harufu yake ilimkaa Rumaisa kooni mpaka jioni.

Mwezi wa Januari Bwana Abdulwahid aliwakusanya mafundi akawaambia kwamba shirika moja kutoka bara limeleta mafunzo ya usalama kazini, na mafunzo yenyewe yako kwenye simu. Kila mtu asome masomo kumi na mawili, atazame video, ajibu maswali, apewe cheti. Asiyekuwa na cheti mwisho wa mwezi asije kazini.

Harith alisoma chuo cha Kurani utotoni na msahafu aliusoma vizuri, lakini maandishi ya simu aliyaendea polepole, kama mtu anayetembea pekupeku juu ya matumbawe. Video ya kwanza ilikula bando lote kabla haijafika katikati. Siku ya tatu alimpa Rumaisa simu wakati wa chakula.

"Nitazamie hii, mwanangu," alisema. "Msomi wa nyumba ni wewe."

Rumaisa aliitazama. Aliona kwamba mtu anaweza kuyaruka masomo yote akaenda moja kwa moja kwenye maswali. Kila swali lilikuwa na majibu matatu, na yeye alijua jambo ambalo darasa lao zima lilijua, kwamba katika maswali ya simu, jibu lililo refu ndilo sahihi. Hakusoma. Alipima kwa macho tu, akabonyeza. Dakika nne baadaye simu ilitoa cheti chenye jina la Harith, alama mia kwa mia. Mwishoni iliuliza kama ameridhika na mafunzo. Rumaisa akayapa nyota tano.

Harith alicheka mpaka akakohoa. Fadhil, fundi mwenzake, naye akaleta simu yake, kisha wengine. Wiki haikwisha, wote tisa walikuwa na vyeti, na Bwana Abdulwahid akavibandika ukutani. Tangu hapo Rumaisa akiingia karakanani na bakuli lake, mafundi walimpisha wakisema, "Profesa huyo." Naye alikuja na hatua za kiprofesa, bakuli kichwani, shingo imenyooka.

Ilikuwa Jumanne, wiki tatu baadaye. Rumaisa alikuwa ndiyo kwanza ameweka bakuli chini. Harith hakushika simu wala hakucheka. Kifuniko cha ile chupa nyeupe kilikuwa kimenata. Alikishika kwa kitambaa, akakisokota kwa nguvu, kikafunguka kwa ghafla na dawa ikamrukia jicho la kulia.

Alikaa chini tu, mikono miwili usoni. Fadhil alikuja na upindo wa shati lake akaanza kumsugua jicho. Mmoja alisema atiwe mafuta ya nazi. Mwingine alisema dawa ya jicho ni maziwa ya mama anayenyonyesha, na wote wakamgeukia Rumaisa kwa kuwa ndiye mwenye mbio.

Rumaisa alikimbia. Alikimbia mpaka kwa Raihana, mkaza mwana wa Bi Nana, aliyekuwa na mtoto mchanga. Alisubiri mlangoni huku Raihana akikamua maziwa katika gilasi. Akarudi nayo mbio, kiganja amekifunika juu ili yasimwagike, na moyoni aliona kwamba anafanya jambo kubwa.

Pembeni mwa karakana palikuwa na ndoo ya maji ya punda, yametekwa kisimani asubuhi ile, safi, imejaa hadi ukingoni. Ilikuwa hatua sita kutoka pale alipokaa Harith. Rumaisa aliipita akienda, na akaipita akirudi.

Hospitalini mjini Lamu daktari Kiprotich alimtazama mgonjwa kwa muda mrefu, kisha akauliza jicho lilioshwa kwa maji baada ya dakika ngapi. Fadhil akasema walitia maziwa. Daktari aliweka kurunzi yake mezani taratibu. Alisema dawa ile hulila jicho dakika kwa dakika, na kinachoisimamisha ni maji, maji mengi, papo hapo. Sasa yeye hakubakiwa na la kufanya ila kuzuia maumivu.

Jioni ile Rumaisa aliifungua simu ya ami yake, akatafuta swali la macho, lile la saba. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kulisoma. *Dawa ya kukaushia ikikuingia jichoni, utafanya nini?* Jibu la kwanza lilikuwa kusugua kwa kitambaa. La pili lilikuwa kutia mafuta au maziwa. La tatu lilisema: *Nitaliosha mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika ishirini bila kusita, kisha nitakwenda hospitali haraka.*

Alilibonyeza jibu lile mara tisa. Na siku lilipotakiwa, alikimbilia maziwa.

Harith alirudi nyumbani na bandeji. Hakumlaumu mtu. Alikaa ukumbini mgongo ukutani, akawa anasikia maneno ya Bi Nana yakiingia dirishani, na maneno ya Bwana Abdulwahid yakiletwa na watu, kwamba yeye ametimiza wajibu wake, mfanyakazi ana cheti na uzembe ni wake mwenyewe. Rumaisa aliona kwamba ami yake anaweza kuyafuta yote hayo kwa sentensi moja, na kwamba haitoi. Akiitoa, mafundi wanane watafukuzwa kazi, na jina la mtoto wa ndugu yake litatajwa. Shuleni Rumaisa aliacha kuinua mkono. Mwalimu akiuliza, alitazama dawati.

Mwezi uliofuata akaja Bi Mueni, mtafiti wa lile shirika kutoka bara. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kama mafunzo ya simu yanapunguza ajali, na kama watu wanaridhika na huduma hiyo. Alishinda karakanani siku nzima akiwauliza mafundi mmoja mmoja, na kila mmoja alisema alisoma mwenyewe na ameridhika sana. Kesho yake akaja kwa Harith. Rumaisa aliwaletea kahawa, akasimama nyuma ya kiti cha mgeni.

Bi Mueni alikuwa mpole. Alisema amestaajabu kuona karakana nzima ina alama mia kwa mia, jambo ambalo hakuliona mahali pengine popote. Kitu kimoja tu kilimtatiza, wote walimaliza kwa dakika nne au tano, na masomo yenyewe ni ya saa mbili. Labda mtandao ulikosea saa. Kisha akauliza taratibu, "Bwana Harith, somo la saba, la macho, ulilisoma?"

"Nililisoma," alisema Harith.

Bi Nana, aliyekuwa amekuja mlangoni bila kuitwa, akaongeza kwamba alilisoma na cheti kipo. Bi Mueni akaandika katika kishikwambi chake. Rumaisa aliyaona maneno yakitokea juu ya kioo, moja baada ya jingine: *Mfanyakazi alipata mafunzo. Aliyapuuza.*

"Hakuyapuuza," alisema Rumaisa.

"Nyamaza, Rumaisa," alisema Harith.

"Hakuyasoma, Bi Mueni. Nilibonyeza mimi. Nilimbonyezea yeye na wengine wote."

Bi Mueni hakukasirika. Aliugeuza mwili akamtazama yule msichana, kisha akamuuliza: gundi ya faiba ikishika moto, itazimwa kwa kitu gani? Rumaisa alifikiri sana, akasema kwa maji. Bi Mueni akatikisa kichwa. Akamwonyesha swali lenyewe na majibu yake matatu, na kidole cha Rumaisa kikaenda bila kusita kwenye jibu la kuzima kwa mchanga mkavu, lililojaza mistari mitatu.

"Umejuaje?"

"Ndilo refu."

Bi Mueni alikifunga kishikwambi, akakiweka magotini.

"Maswali haya niliyaandika mimi," alisema. "Niliyaandika ofisini. Nilitaka jibu sahihi lielezwe kwa ukamilifu. Sikujua kwamba nawafundisha watu kupima urefu wa sentensi."

Alimwambia Rumaisa akae. Alisema msichana huyo angenyamaza, ripoti ingesema mafunzo yamefaulu, na mwezi ujao yangepelekwa vijiji vya Chundwa na Mbwajumwali jinsi yalivyo. Huko pia kuna watu wanaopaka faiba, na kuna ndoo za maji zinazopitwa tu.

"Kumfanyia mtu mtihani si kumsaidia," alisema. "Unampa karatasi, na unamnyima kile ambacho karatasi inasema anacho. Cheti hakioshi jicho, Rumaisa. Nanyi wakubwa msimwachie mtoto mzigo huu peke yake. Aliyempa simu yupo, aliyetisha watu kwa cheti yupo, na aliyeandika maswali asiyajaribu ndiye huyu anayesema."

Rumaisa alitazama miguu yake. Alikuwa amesubiri kugombezwa, akaona kwamba kugombezwa kungekuwa rahisi zaidi.

Bi Mueni alikwenda kwa Bwana Abdulwahid, wakazungumza mlango umefungwa. Hakuna aliyefukuzwa kazi, kwa kuwa ripoti ingeeleza pia ni nani aliyewatisha. Vyeti viliondolewa ukutani. Mahali pake pakawekwa pipa la maji lenye bomba, na juu yake miwani tisa ya kukinga macho ikatundikwa misumarini. Masomo yakaanza upya, mara hii kwa mdomo na kwa mikono, wiki mbili mfululizo. Rumaisa alisoma swali kwa sauti bila majibu yake, na kila fundi alijibu mwenyewe. Siku ya somo la saba Fadhil alilazwa kichwa chini ya bomba, akaoshwa jicho dakika ishirini kwa saa. Wenzake walisema anaoshwa kama maiti. "Msinitilie kafuri tu," alisema Fadhil, maji yakimwingia puani.

Lakini Profesa hakuitwa tena. Walimwita Redio. Akiingia karakanani, mmoja aliwaonya wengine wafunge midomo, redio imewashwa. Rumaisa aliitazama ndoo ya punda kama imejaa, ndipo akaondoka.

Mwezi wa Juni Harith alirudi kazini. Dawa hakuigusa tena, Bwana Abdulwahid alimrudisha kwenye mbao. Siku ile ya kwanza Rumaisa alimkuta peke yake nyuma ya mashua, wenzake wamekwenda kuswali adhuhuri naye ameshaswali. Ubao mrefu ulilala juu ya vigogo viwili. Harith alimwashiria ashike ncha ya pili, naye akashika.

Tangu siku ya Bi Mueni hawakuwahi kulitaja jambo lile. Harith alikula chakula alicholetewa, akasema ahsante, basi.

"Ami," alisema Rumaisa. "Niwie radhi."

Harith aliuinua ubao hadi usoni. Kwa mazoea ya miaka ishirini, akafumba jicho la kushoto. Mkono wake ulitulia juu ya mbao, na uso wake ukatulia pia, umeelekea kwa Rumaisa toka ncha hadi ncha. Ilimchukua Rumaisa muda kuelewa kwamba ami yake hauoni ubao, wala hamwoni yeye.

Hakulifumbua lile jicho zima. Hakuushusha ubao. Rumaisa aliishika ncha yake kwa mikono miwili, asiitikise, akawa anamsubiri.