Jina la Shimo

Asubuhi hiyo kifuniko cha mtungi kilikuwa chini tena. Salama alikiokota, akakipangusa kwa kanga, akakirudisha mahali pake na kuliweka tena jiwe juu yake.

"Ni paka," alisema mumewe, Dhadho, akifunga kamba za viatu.

"Paka gani anainua jiwe?"

Dhadho aliwasha pikipiki yake akaenda mjini Garsen kutafuta abiria.

Salama alichota maji akaonja. Yalikuwa maji ya bomba, aliyateka mwenyewe jana yake, lakini yalikuwa na ladha ya tope la mto. Akayatema. Mto ulikuwa mbali na hapo. Waliijenga nyumba hiyo kwenye makazi mapya, baada ya mafuriko kuchukua ile ya kijijini Wenje, kando ya mto.

Mafuriko hayakuchukua nyumba tu. Siku waliyovushwa, mtumbwi uligonga gogo ukapinduka, na mtoto wao wa kwanza, Kalla, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameng'oka meno ya mbele, aliteleza mikononi mwa mama yake. Watu walimtafuta mpaka maji yakapungua. Hawakupata hata shati.

Kalla alikuwa na kosa moja lililomchosha mama yake. Kila akinywa maji aliacha mtungi wazi, akakimbilia nje kucheza. "Kalla, funika mtungi!" Salama alikuwa akipiga kelele kutwa. "Utatuletea vyura humu!" Na mtoto alikuwa akiitika kutoka mbali, "Niko, mama!" wala haji.

Sasa Salama alikuwa na mtoto mwingine, mvulana anayenyonya bado, na huyo pia waliamua kumwita Kalla. Katika ukoo wa Dhadho, mtoto akifa, anayezaliwa nyuma yake hubeba jina lake ili lisipotee. Lakini desturi ilitaka kwanza udongo utiwe kaburini, nao hawakuwa na kaburi. Mama mkwe alisema mto ndio kaburi, hakuna haja ya kungoja. Salama, ambaye mbele za watu sauti ilikuwa ikimkwama kooni, alinyamaza.

Jua lilipoanza kuwa kali alifika Barwako, mwanamke wa Kiorma aliyewauzia maziwa.

"Leo hujayatia maji?" Salama alimtania, akichungulia ndani ya dumu.

"Maji niyatoe wapi? Yote yako kwako, mpaka sakafu imelowa!" Barwako alicheka. "Lakini huyu mtoto wako mkubwa ana adabu. Amenifungulia mlango. Mbona hukumkausha nywele? Atashikwa na homa."

Salama alibaki amesimama na kikombe mkononi. "Dada Barwako, mimi sina mtoto mkubwa."

Barwako alitazama chini. Nyayo ndogo zilizolowa zilitoka kwenye mtungi mpaka mlangoni, kisha zikarudi kwenye mtungi.

"Bismillahi," alinong'ona. "Shika mtoto wako vizuri. Na usimwite jina lake kwa sauti."

Lakini mama gani anaweza kukaa bila kumwita mwanawe? Saa sita mchana, watu wamejifungia kwa joto na mbuzi wamejibana kwenye kivuli cha ukuta, Salama alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Mtoto alianza kulia kwenye mkeka. Akasema bila kufikiri, "Kalla, nyamaza, nakuja."

"Niko, mama."

Sauti haikutoka kwenye mkeka. Ilitoka nyuma ya mtungi, sauti ya mtoto asiye na meno ya mbele. Salama alipogeuka aliona kifuniko kikisogea taratibu, kama kinavyosogezwa na mtu anayeogopa kugombezwa, na harufu ya tope na majani yaliyooza ikajaa chumbani mpaka akashindwa kuvuta pumzi, na kule kwenye mkeka mtoto mchanga alikuwa ameacha kulia, macho yamemtoka, midomo imekuwa ya buluu, nywele zimelowa na kushikana kichwani kama mtu aliyetoka mtoni sasa hivi, na Salama alipomnyakua na kumpiga mgongoni mtoto alikohoa, akatapika maji, na ndani ya maji hayo mlikuwa na mchanga.

Kabla jua halijatua Dhadho alimleta Mchungaji Gershom, na mama mkwe alikuja nyuma yao. Gershom alisimama mbele ya mtungi na Biblia yake.

"Wewe uliyemo humu, jina lako nani?"

Harufu ya tope ilizidi.

"Nakuuliza kwa jina la Yesu, jina lako nani?"

"Sina," sauti ndogo ilijibu. "Jina langu mmempa mwingine."

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Dhadho alishika ukuta. Salama alipiga magoti. "Mchungaji, huyo ni mwanangu. Usimfukuze, nakuomba."

"Mama Kalla, pepo huiga sauti," Gershom alisema polepole. "Umeona midomo ya mtoto wako leo. Ukimhurumia huyu, utamzika huyo uliyembeba."

Salama alimtazama mtoto mikononi mwake. Kifua chake kilikuwa kikikoroma. Aliinamisha kichwa, na Gershom alielewa kwamba amekubali.

Lakini pepo asiye na jina angeamriwa vipi? Gershom alifunga macho. Jasho lilimtiririka. Kisha akapaza sauti, "Basi mimi nakujua! Wewe ni Abadoni, mfalme wa kuzimu! Abadoni, toka!"

Jiwe lilianguka. Kifuniko kilizunguka sakafuni, kikatulia. Na wote wanne waliona nyayo zilizolowa zikijichora zenyewe, moja baada ya nyingine, kupita katikati yao, kuelekea mlangoni. Mlangoni zilisimama kidogo, vidole vikielekea ndani. Hakuna aliyemwita. Zikaenda, zikashika barabara.

Tangu hapo mtoto alianza kunenepa. Kila asubuhi Salama alikuta kifuniko mahali pake, na kila asubuhi alilia.

Siku moja Barwako alifika akaweka dumu chini bila mzaha wowote. "Salama, yule mtoto nimemwona kando ya barabara, pale mifugo inapovuka. Amelowa vilevile. Nimemuuliza, wewe wa nani? Akasema hajui. Nikamuuliza jina. Akasema Abadoni."

Salama alimnyanyua mtoto kutoka kwenye mkeka.

"Nikamwambia hilo si jina la mtu," Barwako aliendelea. "Akasema, ndilo nililopewa nyumbani."

Salama alimfunga mtoto mgongoni akaenda kanisani. Gershom alikuwa akifagia. Safari hii sauti haikumkwama.

"Mchungaji, Abadoni maana yake nini?"

Gershom aliegemeza ufagio. "Ni Kiebrania. Linatokana na neno la kupotea, kuangamia. Wayunani wao walisema Apolioni, yaani mharibu."

"Na huyo Abadoni alitoka wapi?"

"Ukisoma Ayubu na Methali, si pepo. Ni mahali, Mama Kalla. Ni shimo, kule chini wanakokwenda waliopotea. Ayubu anasema mbele za Mungu halina kifuniko. Lakini watu waliliogopa sana, wakawa wanalitaja kama vile ni mtu. Ukifika Ufunuo tayari ni malaika wa kuzimu, ni mfalme, ana jeshi la nzige."

"Kwa hiyo mwanzoni hakuwa mtu yeyote."

"Hakuwa yeyote. Lilikuwa shimo tu."

"Kisha likapewa jina, likaanza kuitika."

Gershom alikaa kwenye benchi. "Nilitaka jina la kumfukuzia," alisema. "Hilo ndilo lililonijia."

"Mwanangu alikuwa amepotea, Mchungaji. Wewe ukamwita shimo la waliopotea. Naye aliitika kwa sababu sisi tulikuwa tumemnyang'anya la kwake."

Jioni hiyo Dhadho alichimba kaburi dogo nyuma ya nyumba. Aliendesha pikipiki mpaka mtoni akarudi na tope kwenye ndoo, akalitia kaburini kwa mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu mafuriko Salama alimwona mumewe akilia. Mama mkwe aliweka kanga juu. Gershom aliomba, akasema jina alilompa mtoto huyu lifutwe.

Kisha Salama aliita kuelekea barabarani, "Kalla! Jina lako hili hapa, chukua. Mdogo wako ataitwa Dado, kama babu yake. Njoo unywe maji ulale, baba."

Hakuna aliyeitika. Lakini asubuhi kifuniko kilikuwa chini, mara moja tu, na kikombe kilikuwa kimewekwa kando, kimenywewa hadi kukauka. Baada ya hapo mtungi haukufunuliwa tena. Mama mkwe alisema mtoto amekunywa, ameondoka. Salama alitaka sana kuamini hivyo.

Ulipofika wakati wa mavuno, mhubiri mgeni kutoka Bura alialikwa kanisani. Gershom hakufikiri kumwonya. Mgeni alifungua Ufunuo, akasoma habari za nzige na moshi wa shimo, na alipolifikia jina la mfalme wao alilisoma kwa sauti kubwa.

"Abadoni!"

"Niko," ilisema sauti ndogo mlangoni.

Watu wachache walicheka, wakidhani ni mtoto mtundu. Gershom aliinamisha uso wake mpaka magotini. Mgeni alitabasamu, akaendelea kusoma.

Salama hakupiga kelele. Alimhamishia Dado kwenye mkono mwingine, akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi kando yake inayomtosha mtoto mmoja. Alitazama mbele. Baada ya muda alisikia ubaridi ubavuni, na ubao wa benchi ukaanza kulowa.