Jezi ya Kipa Mwenyeji

Kila akitoka shule, Kidomo alipitia kwenye banda la babu yake, fundi viatu, akampangia misumari huku akiongea bila kituo. Kwa jina hilo la utani hakuonewa. Redio ungeweza kuizima, yeye ng'o.

Shuleni yalikuwa yanaandaliwa maonyesho ya historia ya michezo, na Babu alikuwa amemwazima jezi yake ya thamani. Enzi zake alikuwa kipa. Alicheza ugenini, katika nchi ambayo serikali yake na ya kwao hazikuwa hata zikisalimiana. Filimbi ya mwisho ilipolia, makipa wawili walikumbatiana, wakabadilishana jezi. Yule mwenyeji akaandika jina lake kwa kalamu kifuani mwa jezi aliyompa Babu, ndiyo hiyo.

Lakini jezi ilikuwa na madoa ya tope, na Kidomo akaona haya. Bila kumuuliza mtu, akailoweka kwenye maji ya dawa ya kung'arisha nguo, akaenda kuruka kamba. Aliporudi ilikuwa nyeupe pe. Tope limekwenda, na jina limekwenda nalo.

Dada yake akamshauri asingizie panya.

"Panya gani anayefua nguo?" Kidomo aliuliza, kisha akaangua kilio.

Alifika bandani, na kwa mara ya kwanza akasema maneno mawili tu. "Babu, nimeifua."

Mzee aliweka nyundo chini. Akapapasa kifua cha jezi kwa kidole gumba, akainusa. "Inanuka dawa," alisema taratibu. "Mwenzangu yule alishafariki. Lile tope lilikuwa la uwanja wao." Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu ingawa haikuwa chafu.

Siku ya maonyesho alifunga banda, akaja. Aliwasimulia wanafunzi jinsi wakubwa walivyonuniana huku makipa wakikumbatiana. Mwanafunzi mmoja akauliza jina liko wapi.

"Nililifuta mimi," Kidomo alisema, machozi yakimlengalenga. "Sikuuliza."

Hakuna aliyecheka. Babu akamshika bega.

"Imeniuma, na bado inaniuma," aliwaambia wote. "Kitu cha mtu, uliza kwanza. Na ukiharibu, sema. Huyu angenificha, ningepoteza jezi, halafu nimpoteze na mjukuu wa kumwamini."

Wakarudi nyumbani pamoja, jezi mkononi mwa Babu. Kidomo hakusema neno njia nzima, na mzee akatamani aongee.