Mpilipili wa Bibi

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Chiriku alipaswa kumwagilia mpilipili wa marehemu bibi yake. Jina hilo la Chiriku alipewa na bibi huyo huyo, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mpilipili ulikuwa nyuma ya jiko, chini ya dirisha la chumba chake, umejaa vipilipili vidogo vyekundu vilivyotazama juu. Hakuna aliyeupanda. Ulijiotea tu, bibi akaulea.

Chiriku hakula pilipili. Mama au babu alipomkumbusha kumwagilia, alijibu kwa maringo, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

Jioni moja wenzake walimwita mchezoni. Bomba lilikuwa mbali, kule getini, na mkononi alikuwa na sufuria iliyochemshiwa viazi, maji yake ya chumvi yangali yanafuka mvuke. Akayamwaga yote kwenye shina la mpilipili, akatimua mbio.

Majani yakanyauka, yakapukutika, vikabaki vijiti. Chiriku akanyamaza kimya. Upepo ulipovuma, vijiti vilikwaruza dirisha lake. Na kila alfajiri alisikia kikohozi nje, kama kile cha bibi alipokuwa akikaanga pilipili. Alijifunika shuka gubigubi. Bibi amerudi kuulizia mti wake!

"Mbona Chiriku wetu kanywea kama aliyemwagiwa maji?" mama alimtania wakati wa chai. Kusikia neno hilo "maji", Chiriku alisukuma kikombe, akaondoka.

Alfajiri moja kikohozi kilifuatwa na maneno: "Nisamehe, mke wangu."

Chiriku alichungulia dirishani. Alikuwa babu, amesimama na ndoo, akiumwagilia mti mkavu.

"Uliniachia kitu kimoja tu," babu alinong'ona, "nacho kimenifia mikononi. Sijui nimekosea wapi."

Heri angekuwa mzimu. Babu hakuwa na kosa lolote, naye ndiye aliyekuwa akiomba radhi. Chiriku alitoka pekupeku, machozi yakimlengalenga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una nini?"

"Ni mimi, babu. Niliumwagia maji ya viazi, ya moto. Niliona uvivu kwenda bombani. Halafu nikaogopa kusema."

Babu aliweka ndoo chini. Alivipapasa vile vijiti vikavu, na Chiriku akatamani angemgombeza.

"Kumbe," alisema hatimaye. "Nami nilidhani bibi yako ameyakataa maji yangu."

Kisha alimshika mkono hadi chini ya kamba ya kuanikia nguo. Katikati ya magugu palikuwa na mche mdogo wenye majani manne.

"Ndege hula pilipili na haziwawashi. Wakitua kambani, huangusha mbegu. Hata ule wa bibi yako ulianza hivi. Huu ni wako."

Tangu siku hiyo Chiriku aliufuatia maji bombani, jua liwake au lisiwake. Pilipili ya kwanza ilipoiva, babu aliitafuna, akakohoa mpaka akacheka. Kikohozi hicho hakikumtisha tena Chiriku.

"Ulikuwa ukiuliza pilipili usiyoila yakuwashiani," babu alisema, akifuta machozi. "Ile hukuila, lakini ilikuwasha kuliko sisi sote. Kosa ni hivyo hivyo, mjukuu wangu. Ukilisema, hupoa. Ukilificha, litakuwasha wewe, na litamwasha hata asiyekuwemo."