Rehani, Chokoleti na Mizani ya Mama

Nyumba yetu inanukia rehani kuanzia mlangoni hadi jikoni. Mama anauza majani makavu. Kila asubuhi tunatandaza majani mabichi ya rehani kwenye trei za waya. Tunaziweka kivulini, juu ya kabati, juu ya friji mbovu, hata juu ya kitanda changu. Majani yakikauka tunayapima na kuyatia kwenye pakiti. Wapishi wa hoteli na wenye maduka wanakuja kununua.

Mama anapima kwa mizani ya sahani mbili. Kwenye sahani moja anaweka jiwe la mizani, kwenye ya pili anaweka majani. Anaiamini mizani ile kuliko watu. Siku kaka alipomleta mchumba wake nyumbani, Mama alimtazama juu hadi chini kama anayekadiria gunia.

"Mwepesi," alisema. "Lakini atafaa."

Huyo ndiye wifi yangu. Sasa ana mimba ya kwanza, na tumbo limeshachomoza. Kaka ni fundi wa kuchomelea mageti. Akirudi jioni ananuka moshi, na wifi humfukuza akaoge kabla hajasalimia mtu.

Kliniki iko ng'ambo ya barabara. Ukikaa kwenye kigoda cha kufungia pakiti, unauona mlango wake wa bluu dirishani.

"Mimi uchungu ukianza navuka barabara tu," wifi alikuwa akisema. "Wewe wifi utanishika mkono. Mama atabeba beseni. Kaka yako atalia."

"Silii mimi," kaka alijibu.

"Tutaona."

Siku moja wifi alirudi kutoka kliniki, akakaa kwenye kigoda bila kuvua kandambili. Mikono yake ilikuwa mapajani. Mama aliacha kupima.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nesi kanipima. Kasema damu yangu ni kidogo. Isipopanda, hatanizalisha hapa. Atanipeleka hospitali kubwa."

"Hapa pana ubaya gani?"

"Hapa hawana damu ya kumwongezea mtu. Mwenye damu kidogo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, anaweza kufa, Mama. Ndivyo alivyoniambia."

Hospitali kubwa iko mbali, na huko ndugu husubiri nje ya geti. Wifi alitoa mfukoni vidonge vya kuongeza damu alivyopewa. Akaviweka kwenye kabati, nyuma ya trei.

Jioni ile kaka alikuja na chokoleti nyeusi, ile chungu chungu.

"Kula, mke wangu. Ina madini ya chuma. Damu haitengenezwi bila chuma. Mwenzangu kazini kaniambia."

"Na wewe umeamini?" Mama aliuliza.

"Mama, chuma nakijua mimi. Nakichomelea kila siku."

Mama alinuna. Kesho yake mpishi mmoja wa hoteli alikuja kununua, na Mama akamuuliza. Mpishi alitafuta kwenye simu yake akamsomea. Ukichukua rehani kavu na chokoleti nyeusi zenye uzito sawa, rehani ina madini ya chuma mara saba na zaidi.

Mama alicheka mpaka akashika mizani isianguke.

"Mara saba! Na mimi nimeikalia hapa miaka yote, mwanangu anakwenda kununua peremende!"

Tangu siku hiyo nyumba ikagawanyika. Asubuhi Mama alipika chai ya rangi na kutia kijiko cha rehani. Jioni alipika nyingine. Kaka naye hakukubali kushindwa, akawa analeta chokoleti na kuificha chini ya mto wa mkewe. Wifi alikunywa ya huyu akatafuna ya yule, ili asimuudhi mtu.

"Leo umejisikiaje?" Mama anauliza.

"Afadhali kidogo, Mama."

"Rehani hiyo."

"Chokoleti hiyo," anajibu kaka kutoka bafuni.

Mimi nilikuwa napanga trei kila siku. Nikaona vile vidonge havipungui. Pia nikaona wifi akipanda ngazi ya nje anasimama katikati na kushika ukuta. Niliogopa. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Wifi, vidonge mbona viko vile vile?" Akaweka kidole midomoni mwake kuninyamazisha.

Alipopimwa tena, damu ilikuwa haijapanda. Ilikuwa imeshuka kidogo. Nesi alimwambia atampima mara moja tu zaidi. Baada ya hapo ataandika barua ya hospitali kubwa.

Wifi alilia. Kaka alitoka nje akasimama tu karibu na geti. Mama aliishika mizani yake kama mtu aliyetapeliwa.

Hapo ndipo alipokuja Dada Mwavuli. Ni mhudumu wa afya anayezungukia nyumba za mtaa wetu. Jua au mvua, mwavuli wake uko wazi, ndiyo maana tunamwita hivyo. Nesi alikuwa amemtuma.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, ufunge huo mwavuli, utanipeperushia majani!" Mama alijibu.

Dada Mwavuli alikaa, akamwuliza wifi anakula nini, anakunywa nini, na saa ngapi. Mama akamjibia. Alieleza habari ya mara saba tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Au mpishi alinidanganya?"

"Hakukudanganya, mama. Ni kweli kabisa. Naomba hiyo mizani yako. Na wewe shemeji, lete chokoleti moja."

Kaka alienda chumbani, akarudi nayo. Dada Mwavuli aliiweka kwenye sahani moja. Sahani ikashuka, tak!

"Sasa mama, weka rehani mpaka zilingane."

Mama alichota konzi ya majani makavu. Sahani ya chokoleti haikutikisika. Akaongeza. Akaongeza tena. Majani yakafurika na kumwagika mezani. Ikabidi niweke beseni dogo kwenye sahani, na jingine kama hilo chini ya chokoleti, tukaanza upya. Beseni lilipojaa mpaka juu, ndipo mizani ikakaa sawa.

"Hizo ndizo zenye chuma mara saba," alisema Dada Mwavuli. "Beseni zima. Je, mkweo anakula beseni?"

Wifi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Nitakuwa mbuzi, Mama!"

"Kwa siku anapata kiasi gani?"

"Kijiko," Mama alisema polepole. "Asubuhi na jioni."

"Kiweke kwenye mizani."

Mama alilimwaga beseni, akalirudisha na kijiko kimoja tu cha rehani ndani yake. Sahani ilibaki juu kama haina kitu. Mama aliigusa kwa kidole.

"Mimi nauza kwa kilo," alisema. "Nikisikia mara saba, naona gunia."

"Na mtu anakula kwa mdomo," alisema Dada Mwavuli. "Usiulize tu kitu kina nini ndani. Uliza pia unakula kiasi gani. Kijiko cha rehani kina chuma kidogo kuliko vipande viwili vya chokoleti. Tena majani ukiyachemsha na kuyachuja, chuma kingi kinabaki kwenye majani unayoyatupa."

Kaka alipiga makofi. "Nilisema mimi! Chokoleti oyee!"

"Ngoja, shemeji. Chokoleti ina sukari na mafuta mengi. Ukitaka ikuongezee damu, utamaliza boksi na damu haijajaa, umeongezeka kiuno tu. Halafu kakao ina tabia kama ya chai. Inakizuia chuma kisiingie mwilini. Kipande kimoja cha kufurahisha mdomo, sawa. Dawa, hapana."

Mama naye akapiga makofi, lakini taratibu.

"Na ile chai ya rangi?" niliuliza.

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi ukinywa na chakula au vidonge. Chai na kahawa zisubiri saa moja au mbili baada ya hapo. Sasa, vidonge viko wapi?"

Nilimtazama wifi. Wifi akatazama chini. Kisha akainuka mwenyewe, akavitoa nyuma ya trei.

"Nilimeza mwanzoni," alisema kwa sauti ndogo. "Tumbo likachafuka. Halafu nikaona choo kimekuwa cheusi kama mkaa. Nikajua vinaniunguza ndani. Vitamuunguza na mtoto."

"Kwa nini hukusema, mwanangu?" Mama aliuliza.

"Ningesemaje mbele ya watu, Mama?"

Dada Mwavuli alimshika mkono. "Mdogo wangu, huungui. Kile cheusi ni chuma ambacho mwili haukukitumia, kinatoka zake. Karibu kila anayemeza vidonge hivi anakiona. Ila kikiwa cheusi cha kunata kama lami, au ukiona damu, au tumbo likiuma sana, nenda kwa nesi siku hiyo hiyo. Tumbo likichafuka, meza na chakula kidogo, au meza unapokwenda kulala. Usiache kimya kimya. Mwambie nesi akusaidie."

"Kwa hiyo mtoto hajaungua?"

"Mtoto anakisubiri hicho chuma."

Wifi aliangua kilio. Safari hii alikuwa analia na kucheka pamoja. Mabega yake yalishuka kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Dada Mwavuli alitueleza yaliyobaki. Kidonge kimezwe kwa maji kila siku, kama nesi alivyoagiza. Chungwa au limau husaidia chuma kuingia mwilini. Chakula kiwe cha kujaza sahani: maharage, dengu, mboga za majani, na samaki au nyama inapopatikana.

"Na rehani yangu?" Mama aliuliza, kama anayeombea mtoto wake.

"Tia kwenye maharage, mama. Mtu mwenye kichefuchefu hali chakula kisicho na harufu nzuri."

Mama akachangamka. "Basi ina kazi!"

Tukabadilika. Kaka alinunua machungwa badala ya chokoleti. Mama alipika maharage yenye rehani, wifi akaomba aongezwe. Kila usiku mmoja wetu alipiga kelele, "Kidonge!" na wifi akajibu, "Nimeshameza, askari nyie!" Ngazi ya nje akaanza kuipanda bila kushika ukuta.

Siku ya kupimwa, tulikaa watatu dirishani kuutazama mlango wa bluu. Ulipofunguka, wifi alitoka akasimama ukingoni mwa barabara, akainua mikono yote miwili.

"Imepanda!" alipaza sauti. "Nesi kasema nikiendelea hivi, nitajifungulia hapa hapa!"

Kaka alijifuta uso kwa kiganja. "Moshi wa kazini," alisema.

Siku ilipofika, tulivuka barabara. Nilimshika mkono wifi, Mama akabeba beseni. Kaka alilia, tena sana. Kabla ya jua kuchwa wifi alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji, hana neno.

Nesi alimweka mtoto kwenye mizani. Mama alisogea, akavaa miwani, akachungulia.

"Nesi, mizani yako haidanganyi?"

"Haidanganyi, mama. Kilo tatu na ushei."

Mama alimpokea mjukuu wake, akampandisha na kumshusha kidogo mikononi, kama afanyavyo na kila mzigo.

"Mzito," alisema. Akaketi, na hakutaka kumpa mtu mwingine.