Mpigaji wa Nne wa Radi Tatu

Waliopiga ule muziki walikuwa watu watatu tu, na Katee angeapa hivyo mbele ya hakimu yeyote. Muteti aliimba na kupiga gita. Metito alishika besi. Yeye Katee alikaa nyuma kwenye dramu, kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye nywele kama kichaka, na bendi yao wakaiita Radi Tatu. Walitoa santuri moja peke yake, Saa Sita Mchana, mwaka wa 1976, na waliopenda muziki wa roki kutoka Machakos hadi Nairobi hawakuisahau.

Katee sasa alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, mgane, mchomeleaji wa mageti aliyestaafu na kubaki na nyumba yake ya mawe hapo Kitengela. Hakuwa na nakala ya santuri ile. Watoto wake walikua wakijua baba yao aliwahi kuwa mwanamuziki kama vile watu wanavyojua babu yao aliwahi kwenda vitani: jambo la kweli lisilozungumzwa mezani.

Basi Jumamosi moja asubuhi kitinda mimba wake, Nthenya, aliyekuwa mtangazaji wa redio, aliingia sebuleni amebeba mashine ya kuchezea santuri aliyoazima kazini, na chini ya kwapa kitu bapa kilichofungwa kwa gazeti la zamani.

"Nimeipata kwa mzee mmoja huko Loitokitok," alisema. "Iko safi kabisa, Baba. Tunafanya programu ya saa nzima, ya kuangalia nyuma. Na mgeni wangu ni wewe."

Katee alitaka kukataa. Lakini binti alikuwa ameshachomeka waya ukutani, na uso wake ulijaa furaha ambayo mzee hakuwa ameiona tangu wamzike mama yake.

Walisikiliza upande wa kwanza wote. Katee alijikuta akitabasamu. Dramu za yule kijana zilikuwa na nguvu kuliko alivyokumbuka. Ukaja upande wa pili, wimbo wa tatu, ule ulioitwa "Bonde". Huo ndio uliowapa jina. Katikati yake wapigaji wote wananyamaza ghafla kwa mapigo manne, kimya kabisa, kisha muziki unarudi kama mlango uliopigwa teke. Kwenye madansi vijana walikuwa wakizuia pumzi pale. Magazeti yaliandika kwamba hakuna mpiga dramu mwingine nchini mwenye ujasiri wa kuacha kimya kama kile.

Muziki ulifika pale ukasimama.

Kisha kitu kikagonga. Ko. Ko. Ko. Ko. Mlio mkavu, kama jiwe juu ya debe tupu. Muziki ukarudi.

Nthenya alikuwa akitikisa kichwa kwa raha. "Hapo mmenimaliza. Hiyo ya kugonga ni wewe?"

"Rudisha," alisema Katee.

Nthenya aliirudisha sindano. Muziki ulisimama, na kitu kikagonga tena mara nne. Mara hii, Katee alikuwa na hakika, kiligonga karibu zaidi.

"Haikuwa hivyo," alisema polepole.

"Haikuwa hivyo namna gani? Si imechongwa kwa santuri, Baba? Haiwezi kubadilika."

Katee alisema labda masikio yake yamezeeka, akainuka kwenda jikoni kunywa maji.

Huko ndiko alikokutana na harufu. Alidhani ni maharagwe, kwamba binti yake ameyatia magadi kupita kiasi ili yaive haraka. Lakini jiko lilikuwa baridi, na sufuria zote zimeinamishwa kwenye rafu. Harufu ilikuwa ile kali ya magadi iliyochanganyika na yai lililooza, harufu ya chemchemi za maji moto kando ya Ziwa Magadi, na Katee hakuwa ameinusa kwa miaka arobaini na tisa.

Nthenya alikaa kwa baba yake wiki ile kutengeneza programu. Kila asubuhi aliicheza santuri, akaandika maneno, akaicheza tena. Siku ya pili mlio haukukaa tena ndani ya wimbo: mashine ilikuwa imezimwa, wako mezani wanakunywa chai, na tangi la maji juu ya paa likagonga mara nne. Siku ya tatu sauti ya Nthenya ilikauka. Alisema ni vumbi la Kitengela, akanywa maji ya limau. Siku ya nne midomo yake ilikuwa na ukoko mweupe kwenye pembe, na kila alipoufuta ulirudi.

Siku hiyo ya nne aliweka kinasa sauti mezani akamuuliza baba yake, kwa sauti iliyokwaruza, "Tuambie hizi nyimbo zilitoka wapi."

Katee alikitazama kile chombo. "Kizime kwanza."

Alikizima, na mzee akamwambia yale ambayo hata mkewe hakuwahi kuambiwa.

Desemba ya kabla ya santuri kutoka, walikuwa wamealikwa kupiga muziki wa Krismasi huko Magadi, kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha magadi. Mhandisi mmoja mpenda muziki alikuwa na mitambo ya kurekodi na aliwaahidi kuwarekodi bure, lakini Muteti, mtunzi wao, hakuwa na wimbo hata mmoja. Kichwa chake kilikuwa kimekauka. Siku tatu mfululizo alitoka saa sita mchana, jua la kuchoma ngozi, akatembea peke yake hadi kwenye chemchemi. Siku ya tatu alirudi nyayo zimeungua na nyimbo saba ziko tayari, maneno na sauti, kama mtu aliyekuja na kapu kutoka sokoni.

"Akatuambia kuna mwenzetu ndiye amempa," alisema Katee. "Akasema huyo mwenzetu hataki kitu kingine. Anataka tumwachie nafasi ndani ya muziki. Nafasi ndogo tu."

"Na nyinyi mkasema nini?"

"Metito alisema huyo ni jini, na yeye hataki kumjua. Lakini alikuwa mpiga besi, alifuata tu dramu. Mimi ndiye mwenye kuhesabu. Nilijua hizo nyimbo zitatutoa kimaisha." Mzee alijipapasa magoti. "Tulipofika katikati ya 'Bonde' niliinua vijiti, nikahesabu mapigo manne bila kupiga. Nikamwachia."

Miaka miwili baadaye, saa sita mchana, Muteti alitembea juu ya ukoko wa magadi wa ziwa lile akiimba. Waliomwokota walisema kinywa chake kilijaa magadi mpaka kooni. Siku ya mazishi Katee aliviacha vijiti vyake juu ya jeneza, na Metito akaenda kuokoka.

Nthenya alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, alitabasamu, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamume kijana, laini, yenye kicheko kwa mbali. Katee aliijua kabla neno la kwanza halijaisha. Ilikuwa sauti ya Muteti.

"Nafasi uliyoniachia ni ndogo, Katee. Nimekaa humo nimejikunja miaka yote hii. Sasa nataka kubwa."

Kisha binti akakohoa, akashika koo, akauliza kwa mkwaruzo wake, "Baba, nimesema nini? Mbona unaniangalia hivyo?"

Kesho yake hakuweza kuongea kabisa. Alifungua kinywa na ungaunga mweupe ukamwagika kifuani.

Katee alipiga simu Kajiado. Metito, ambaye sasa alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la mabati nje kidogo ya mji, alisikiliza bila kumkatiza.

"Saa hii ni saa ngapi?" aliuliza mwishoni.

"Saa nne."

"Mlete kabla ya saa sita. Na hiyo santuri pia."

Jirani aliwapeleka kwa gari lake. Njia nzima, kupita Isinya na kuendelea, Nthenya aliegemeza kichwa dirishani, na vidole vyake viligonga kioo mara nne, vikapumzika, vikagonga mara nne.

Metito alikuwa amekonda na kuwa mvi tupu, shuka begani. Alimtazama msichana, akamshika kichwa kama wanavyobarikiwa watoto wa Kimaasai, kisha akamgeukia rafiki yake. Hawakuwa wamekutana tangu mazishi yale.

"Nitaomba," alisema, "na nitaomba kwa nguvu. Lakini sikudanganyi, ndugu yangu. Huyu hakuvunja mlango. Wewe ulimfungulia. Maombi yangu yatamwambia atoke, na yeye ataniambia anakaa mahali alipopewa."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo ile nafasi uifunge. Wewe mwenyewe."

Pale mbele ya kanisa kulikuwa na dramu za kwaya. Katee aliangalia mikono yake, vifundo vimevimba kwa baridi yabisi, akaketi. Metito aliivunja santuri juu ya goti, vipande viwili, na Nthenya aliyelazwa kwenye benchi akapiga yowe moja fupi ambalo halikuwa lake. Kisha mchungaji akachukua gita la besi la kanisa, akalivaa juu ya shuka.

"Nani ataimba?" Katee aliuliza.

"Ngoja tu."

Saa sita ilipofika mabati yalianza kulia kwa joto. Katee alihesabu hadi nne, wakaingia kwenye "Bonde", wazee wawili wenye mikono migumu, na baada ya mstari wa kwanza Nthenya aliketi wima, macho yamefumbwa, akaimba kwa sauti ya marehemu kila neno bila kukosea.

Harufu ya magadi ilijaa kanisa. Ule unga ulianza kudondoka kutoka kwenye mabati, mwembamba, ukatanda juu ya ngozi za dramu na ukaruka kwa kila pigo, na Katee aliona, kupitia ule weupe, kwamba ngozi ya ngoma ndogo iliyokuwa pembeni yake, ambayo yeye hakuigusa hata mara moja, ilikuwa inatetemeka na kuchora duara katikati, kana kwamba kidole kinaijaribu, kinangoja zamu yake. Nafasi ilikuwa inakuja. Mwili wake wote ulijua ilipo, mikono ilitaka kuinuka yenyewe kama ilivyozoea, kwa kuwa hakuwa amewahi kuupiga wimbo ule kwa namna nyingine, na ulipofika wakati Metito akanyamaza, na sauti ya Muteti ikanyamaza, na kanisa zima likavuta pumzi, Katee hakuinua mikono bali aliendelea kupiga, akapita katikati ya kile kimya kama mtu anayevuka mto uliofurika, pigo la kwanza, la pili, na ngoma ile ndogo ikaanza kujigonga yenyewe kwa hasira, ikitafuta mwanya kati ya mapigo yake, ikimsukuma awahi, ikimvuta achelewe, huku Nthenya kwenye benchi akipinda mgongo mpaka visigino vikaacha sakafu na shingo yake ikavimba, na mzee akaona wazi kwamba hata akiziba hapo kile kitu kitabaki ndani ya mtoto, maana hakina pengine pa kwenda.

"Mwache huyo," alisema kwa sauti ya chini, bila kusimamisha mikono. "Niliyekupa nafasi ni mimi. Njoo kwangu."

Akapiga la tatu. Akapiga la nne.

Ngoma ndogo ilitulia. Metito alirudi na besi, wakaumaliza wimbo bila mwimbaji, na ulipokwisha, Nthenya alikuwa chini anatapika maji meupe, mengi, kisha maji ya kawaida, kisha hewa tu.

"Baba," aliita. Sauti ilikuwa yake. "Kiu imenishika sana."

Metito alipiga magoti hapo hapo akaomba kwa Kimaa kwa muda mrefu. Katee alibaki kwenye kiti cha dramu, vijiti vimemganda mikononi, damu imetoka kwenye vifundo. Alipoulizwa kama yuko sawa alisema yuko sawa.

Programu haikutangazwa. Nthenya aliwaambia wakubwa wake kwamba santuri imevunjika na baba hataki kuongea, wakaweka muziki wa mtu mwingine. Alipona haraka, akanenepa, akarudi hewani. Lakini alianza kumwangalia baba yake kwa wasiwasi, kwa sababu mzee alikuwa amepungua, na usiku na mchana aliweka kiganja kifuani kama anayetuliza mtoto. Wiki tatu baada ya siku ile ya kanisani alimlazimisha kwenda kwa daktari.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimvua mzee shati, akaweka chombo cha kusikilizia kifuani, akafumba macho.

"Mzee, moyo wako unaruka," alisema. "Unapiga vizuri, halafu unasimama. Kama mapigo manne hivi. Kwa umri wako si ajabu, tutakupa dawa." Akasogeza chombo kidogo, akakunja uso. Akakisogeza tena. "Ngoja."

"Ni nini, daktari?" Nthenya aliuliza.

Daktari alikitoa kile chombo masikioni, akakigonga kwa ukucha kuona kama kimeharibika, akakivaa upya na kuinama karibu zaidi.

"Unasimama," alisema, sasa kwa sauti ya chini, "halafu kuna kitu kinapiga mahali pake."

Nthenya aligeuka kumtazama baba yake. Katee alimwangalia binti yake, midomo yake safi, rangi yake imerudi, akamshika mkono kwa nguvu.

"Ni uzee tu, mama," alisema, na kwa mkono mwingine akaanza kufunga vifungo vya shati.