Sarafu ya Vyuma Viwili

Kigiza kilikuwa kinaingia Gongo la Mboto Demetria alipovuka uchochoro kwenda kibandani kwa Mzee Mashaka, fundi wa pete. Mkononi alikuwa na sarafu. Aliitoa kwa nguvu kwenye ngumi ya mwanawe, Hope. Mtoto aliiokota njia panda, na tangu siku hiyo hali, hasemi, anatazama dari tu. Hospitali walipima kila kitu. Hawakuona kitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za mtoto nimesikia. Lete." Akaisogeza kwenye taa. "Ya Kenya hii, shilingi ishirini. Nachongaga pete kwa sarafu hizi mie. Vyuma viwili, lakini havikuchomelewa. Cha kati kimebanwa tu ndani ya bangili yake."

Akainusa.

"Mama Hope... zamani hapa kati waliweka kichwa cha rais. Siku hizi wanaweka tembo. Sasa hii, bangili ni mpya. Cha kati ni cha zamani. Na uso umekwanguliwa."

"Kiwanda kimekosea?"

"Kiwanda hakikwangui watu macho. Mtu kang'oa cha kwanza, kapachika kingine."

"Kitoe."

"Nikikitoa, sijui ndani ya mtoto kitabaki kipi."

"Mzee, mwanangu anakufa. Gonga!"

Akagonga. Akagonga tena... Harufu ya udongo mbichi ikajaa kibandani. Cha kati kikadondoka.

"Mama!"

Sauti ya Hope, kutoka chumbani kwao. Demetria alikimbia, akaingia, akakomea mlango. Mtoto alikuwa amekaa kitandani, anatafuna ugali wa jana kwa mikono miwili. Demetria alimkumbatia huku analia.

Mlango ukagongwa. Polepole.

"Mama... nifungulie. Nasikia baridi."

Sauti ileile.

Wa kitandani akaacha kutafuna. Akamshika mama mkono. Vidole vilibana kama koleo.

"Usifungue," alinong'ona. "Mie si nipo hapa?"

Demetria alimtazama. Alikuwa anakula. Alikuwa na joto. Alikuwa anasema. Siku zote hizo hakuomba kingine.

Hakufungua.

Kwikwi za nje ziliendelea kidogo, kisha nyayo ndogo zikaburuzika kwenda chumba cha jirani. Hodi ikapigwa huko, kwa adabu, kama Hope alivyofunzwa.

"Shikamoo Mama Brightson. Mama kanifungia nje."

"Marahaba mwanangu, pole." Mlango wa jirani ukalia. "Eti... mbona sikuoni?"